Boti iliyozoea maji chumvi: namna ya kuihudumia baada ya kuinunua

Boti iliyotumika baharini huwa na uso wa kudanganya. Muuzaji ameiosha, ameing'arisha faibagilasi, ameweka viti vipya, hata kifuniko cha mashine kimepigwa rangi. Lakini chumvi haikai hapo. Imejificha ndani ya njia za maji za mashine, chini ya ganda la waya, kwenye nyuzi za bolti na nyuma ya propela, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kilo moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Kila mashine ilipozimwa bila kusafishwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, maji yaliyobaki ndani yalikauka na kuiacha chumvi palepale. Nayo chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo metali huendelea kuliwa hata boti ikikaa juu ya trela miezi mingi bila kuguswa.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kabla ya yote: usiwashe mashine siku ya kwanza. Hamu ya kusikia mlio wake ni kubwa, naielewa, lakini mashine yenye impela (gurudumu la mpira la kusukuma maji ya kupoza) iliyokufa huchemka kwa dakika chache tu, na hapo boti uliyoinunua kwa bei nafuu inageuka kuwa ghali. Ichukulie kana kwamba haijawahi kufanyiwa huduma hata mara moja, hata kama muuzaji amekukabidhi daftari lililojaa tiki. Tafuta kitabu cha huduma cha mashine hiyohiyo, kwa namba yake ya modeli, kwa sababu vipimo vya kukaza bolti, aina ya oili na nafasi ya plagi hutofautiana sana.

Vipimo vitatu kabla ya kununua kipuri chochote

Wengi hukimbilia dukani na orodha ndefu ya vipuri, halafu wanagundua baadaye kwamba mashine yenyewe haifai. Pima kwanza.

Anza na oili ya gia. Mashine ikae wima usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi weka chombo safi chini ya mguu wake, yaani ile sehemu ya chini yenye gia na propela, kisha legeza skrubu ya chini taratibu huku ya juu ikiwa bado imefungwa. Yaangalie matone ya kwanza kwa makini. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Sasa fungua na skrubu ya juu ili yote imwagike. Oili nzima huwa nyeusi au na rangi yake ya asili, na hupitisha mwanga kidogo ikiteremka. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, sili (mipira ya kuzuia maji kuingia) zimeachia na maji ya bahari yamekuwa yakiogelea kati ya beringi na meno ya gia. Skrubu nyingi za chini zina sumaku. Utando laini wa vumbi la chuma juu ya sumaku ni wa kawaida, ila vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, na mguu huo unahitaji kufunguliwa wote.

Kipimo cha pili ni oili ya mashine yenyewe, kwa mashine za mipigo minne. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Weupe wa maziwa ni maji. Oili iliyopanda kupita alama na inayonuka petroli ni dalili ya petroli kupita silinda na kuingia kwenye oili.

Cha tatu ni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Toa plagi zote, kata moto wa plagi kwa kuchomoa kamba ya usalama au kufuata maelekezo ya kitabu, fungua kaba (mlango wa hewa unaoendeshwa na mkono wa mwendo) wazi kabisa, kisha zungusha kwa stata huku geji ikiwa kwenye silinda moja baada ya nyingine. Betri iwe imejaa, la sivyo namba zitadanganya. Usibabaishwe sana na ukubwa wa namba. Cha kuangalia ni silinda kulingana: zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna ringi, vali au gasketi inayovuja. Wakati plagi ziko mkononi, zitazame. Plagi yenye kutu nyekundu kwenye chuma chake, wakati wenzake ni wakavu na wa kahawia, inakuonyesha silinda ambayo maji yamepita.

Vipimo hivi vikifaulu, mashine inastahili fedha yako. Vikishindwa, simama hapo na upige hesabu upya.

Fuata njia ya maji

Mashine ya nje huvuta maji kwenye matundu ya mguu, impela huyasukuma juu, yanazunguka silinda, yanapita thermostati (valvu inayofunguka kwa joto) na kutoka. Kila kituo katika safari hiyo kinahitaji kuonwa kwa macho.

Impela ibadilishwe, hakuna mjadala. Ni gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, na kwenye mashine za nje liko juu ya mguu, chini ya kichwa cha mashine. Utalazimika kuteremsha mguu, kazi ambayo kwenye boti ya maji chumvi ndiyo itakayokufundisha subira, kwani bolti zake ndizo za kwanza kung'ang'ania. Ukiifungua pampu, hesabu mabawa ya impela ya zamani. Kama kuna bawa limekatika, kipande chake hakijapotea. Kimesafiri kwenda juu na kimekwama mahali, mara nyingi kwenye mrija wa maji au karibu na thermostati, na usipokitafuta impela mpya haitaokoa kitu. Pitisha kidole ndani ya nyumba ya pampu na kwenye bamba lake la chini. Ukihisi mifereji, badilisha vyote pamoja, kwa sababu impela mpya juu ya bamba lililokwaruzika haivuti vizuri. Paka mpira sabuni ya maji au grisi inayokubaliana na mpira, zungusha shafti kuelekea upande inaozungukia unapoisukuma ndani, na usisahau kile kifunguo kidogo kinachoishikilia impela kwenye shafti. Baada ya hapo, kwa boti inayoendelea kutembea baharini, ibadilishe kila mwaka au miwili.

Halafu fungua nyumba ya thermostati. Hapa ndipo utakapoona maisha halisi ya boti. Ukikuta metali safi yenye unyevu, mwenye boti aliyetangulia alikuwa mtu wa kusafisha. Ukikuta ukoko mweupe mgumu umejaa hadi mlangoni, hakuwa hivyo. Ukoko huo si chumvi ya kawaida. Chumvi ya kula huyeyuka kwenye maji baridi mara moja, lakini joto la mashine hutoa pia madini ya kalsiamu na magnesiamu ambayo maji matupu hayayeyushi hata ukiyapitisha siku nzima. Yanahitaji asidi nyepesi: siki nyeupe, au dawa ya kuondoa ukoko iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za boti. Fuata muda ulioandikwa kwenye chupa na suuza kwa maji mengi, kwa maana asidi inayoondoa ukoko huishambulia alumini pia ikiachwa humo. Usitumie kamwe asidi kali za kusafishia vyoo au betri.

Ijaribu thermostati kwenye sufuria ya maji ya moto pamoja na kipimajoto, uone kama inafunguka kwenye nyuzi joto zilizochongwa juu yake. Mimi hubadilisha tu, pamoja na gasketi. Ni kipuri cha bei ndogo kinacholinda kitu kikubwa.

Kama mashine iko ndani ya boti

Mashine ya ndani inayopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari ina adui mmoja mkubwa kuliko wote: manifoldi za ekzosi na viwiko vyake vya juu. Ni za chuma cha kalibu, maji ya chumvi hupita ndani yake kuzunguka moshi wa moto, na huliwa kutoka ndani bila kuonyesha chochote nje. Ukuta ukitoboka, maji huteremka kwenye silinda mashine ikiwa imezimwa. Siku utakapobonyeza stata utasikia kishindo kimoja na kusimama ghafla. Hapo usibonyeze tena. Toa plagi zote kwanza, kwa sababu maji hayabanwi, na pistoni inayolazimishwa juu ya maji hupinda mkono wake.

Kama hujui umri wa manifoldi na boti imeishi baharini, zifungue. Tazama nyuso za maungio: michirizi ya kutu inayotoka kwenye njia ya maji kuelekea njia ya moshi ni hukumu. Watu wengi wanaotumia maji chumvi hawazipi zaidi ya miaka 5 au 6, na sioni sababu ya kushindana nao.

Zenye mfumo uliofungwa, ambapo maji ya bahari hupoza kipozeo na si mashine yenyewe, zina nafuu kubwa. Hata hivyo kipozeo nacho kina mirija myembamba inayoziba, na mara nyingi ndani yake kuna zinki (kazi yake naieleza hapa chini) ya umbo la penseli iliyoskrubuliwa ubavuni ambayo wamiliki wengi hawajui ipo. Kwa zile zenye mguu wa nyuma unaotokeza shetrini, yaani kwenye ubao wa nyuma wa boti, kagua mipira yenye mikunjo inayoziba njia ya shafti. Ipinde kwa vidole ndani ya kila mkunjo. Ufa mdogo tu pale unatosha kuizamisha boti ikiwa imefungwa gatini.

Zinki, na bolti zisizotaka kutoka

Metali mbili tofauti zikiwa zimegusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi ya betri, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Mguu wa mashine ni wa alumini, shafti ni stenlesi, propela huenda ikawa stenlesi pia. Bila kitu dhaifu zaidi cha kujitoa mhanga, alumini ndiyo italipa. Kazi hiyo ni ya anodi, ambazo mafundi wengi huziita zinki hata zisipokuwa za zinki.

Badilisha zote, na usiridhike na ile kubwa inayoonekana. Ziko kwenye mabano ya shetri, kwenye mguu, na baadhi ya mashine zina ndogondogo ndani ya njia za maji. Anodi iliyobaki nusu imekwisha. Lakini ile inayonishtua mimi ni anodi iliyokaa baharini miaka na bado ni nzima kabisa: hiyo haikuwa imegusana na metali, haikufanya kazi, na uchunguze mguu wote kwa mashimo na rangi iliyovimba. Kwaruza sehemu ya kuifungia hadi ing'ae, na usiipake anodi rangi. Kama boti inahamia ziwani au mtoni, zinki haitakufaa, kwani kwenye maji yasiyo na chumvi hujifunika ganda na kulala usingizi. Huko tumia magnesiamu. Boti inayokwenda huku na huku iwe na za alumini. Magnesiamu nayo ukiipeleka baharini itayeyuka upesi mno.

Kuhusu bolti: stenlesi iliyofungwa kwenye alumini na kuonja chumvi hushikana kama imechomelewa. Unga mweupe kuzunguka kichwa chake ndio onyo. Usiweke bomba kwenye spana ili kuongeza nguvu, utaikata. Nyunyizia mafuta ya kupenya na uache hadi kesho yake, gonga kichwa kwa nyundo ndogo, jaribu kuikaza kidogo sana kabla ya kuilegeza, kisha rudisha na uendelee hivyo mbele na nyuma. Ikikataa, pasha joto alumini inayoizunguka, ukiwa umeondoa petroli na mivuke yake yote karibu. Inaporudi, kila bolti ipakwe grisi ya baharini au uji maalumu wa kutenganisha metali. Dakika hizo utazishukuru huduma ijayo.

Propela itoe hata kama inaonekana sawa. Nyuma yake, penye washa ya shafti, mshipi wa kuvulia hujiviringa na kuikata sili taratibu. Ukikuta oili ya gia ina maji, mara nyingi mkosaji yuko hapo. Safisha meno ya shafti, paka grisi ya baharini, rudisha. Oili mpya ya gia ijazwe kutoka tundu la chini kwenda juu hadi itoke kwenye tundu la juu, ili hewa isibaki ndani, na washa za skrubu ziwe mpya.

Umeme

Kama kuna eneo moja ambalo ningekuomba usiharakishe, ni hili. Boti nyingi zilizotoka baharini hazikwami kwa sababu ya mashine bali kwa waya.

Chagua waya wowote unaofika sehemu ya chini ya boti, kata sentimita moja mwishoni na umenye ganda. Shaba inayong'aa, au nyuzi za rangi ya fedha kama waya umepakwa bati, ni nzuri. Nyuzi nyeusi, au zenye unga wa kijani, zimeliwa, na kutu hiyo hutambaa chini ya ganda mbali kuliko unavyodhani. Kata tena, menya tena, hadi ufike penye shaba safi. Usipofika, badilisha waya mzima kwa waya wa baharini uliopakwa bati. Maungio yabanwe kwa koleo lake na kufunikwa na mrija unaosinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Utepe wa umeme uliozungushiwa huhifadhi maji badala ya kuyazuia, na risasi ya kulehemu peke yake huvunjika kwa mtikisiko.

Multimita itakusaidia kuona yasiyoonekana. Betri iliyojaa na kupumzika isome karibu volti 12.6. Sasa washa kifaa, tuseme pampu, na upime kwenye waya za pampu yenyewe ikiwa inazunguka. Kwa vitu muhimu kama taa za safari, redio na pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti), upungufu wa volti usizidi asilimia 3, yaani takriban volti 0.4. Zaidi ya hapo kuna ungio bovu, na mara nyingi ni upande wa hasi ambao watu husahau kuukagua.

Pampu ya ngama usiijaribu kwa swichi tu. Mwaga ndoo ya maji ndani uone kama boya lake linaiamsha lenyewe, na kama maji yanatoka nje kwa nguvu. Iwe na njia yake ya moja kwa moja kutoka betri, yenye fyuzi yake.

Jambo la usalama kwa mashine za ndani za petroli: stata, altaneta na pampu ya mafuta lazima ziwe za boti, zilizozibwa zisitoe cheche. Za gari hufanana nazo na bei yake huvutia, lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukusanyika chini palepale zilipo. Kabla ya kuwasha, feni ya kutoa mivuke izunguke angalau dakika 4.

Mafuta

Petroli ya zamani itoe yote. Chota kidogo kutoka chini ya tangi, weka kwenye chupa angavu na uiache itulie: maji yatajitenga chini. Badilisha chujio linalotenganisha maji, na mipira yote iliyopasuka, iliyokakamaa au inayoacha harufu ya petroli kwenye kitambaa ukiisugua. Tangi la alumini lililofunikwa na povu gumu chini ya sakafu lina hatari yake, kwani povu hushikilia maji ya chumvi na tangi hutoboka kutoka nje. Harufu ya petroli ndani ya boti usiizoee hata siku moja.

Shetri, umbo na usukani

Ubao wa shetri hubeba uzito wote wa mashine ya nje, na kwenye boti nyingi ndani ya faibagilasi kuna mbao. Gonga kwa nyundo ya plastiki ukitambaa sentimita chache kila mara. Sauti kavu na kali ni nzuri, sauti ya butu ni mbao iliyolowa. Kisha shika mguu wa mashine, uinue na kuushusha kwa nguvu huku mwenzako akitazama ubao. Ukicheza, au nyufa zikifunguka kwenye pembe, acha mengine yote: hilo linarekebishwa kwanza.

Chini ya mstari wa maji, kila tundu lenye bomba likaguliwe. Kwaruza valvu kwa kisu. Rangi ya manjano ya shaba inatakiwa, ila ukiona ya waridi ujue zinki imetoka ndani ya metali na kilichobaki huvunjika kwa teke. Ukipaka rangi ya kuzuia viumbe vya baharini, yenye shaba isikaribie mguu wa alumini.

Usukani wa kebo ukiwa mgumu, chumvi na grisi iliyokauka vimejaza bomba la kuinamia mashine. Kabla ya kupiga grisi kwenye chuchu yake, zungusha usukani hadi ile fimbo iingie ndani yote, vinginevyo grisi hujibana mbele yake na kuikwamisha. Kwa hidroliki, tazama fimbo za pistoni. Vidoti vya kutu hukwaruza sili.

Trela nayo ilizamishwa baharini kila safari. Fungua beringi, breki na spring, uone mwenyewe.

Kuwasha

Bana vikombe vya mpira kwenye matundu ya maji, fungua bomba kwanza, mtu asikae karibu na propela, au itoe kabisa. Washa, gia ikiwa nyutro, mwendo wa chini tu. Mkondo wa maji wa kuashiria utoke ndani ya sekunde chache, na usipotoka zima. Dakika kadhaa baadaye, gusa mkondo huo: ukiongezeka joto, thermostati imefunguka. Ukiwa na kipimajoto cha kuelekezea, linganisha silinda moja na nyingine. Sehemu moja yenye joto la kupita kiasi ina ukoko uliobaki.

Sasa hakikisha kizibo cha kutolea maji kimefungwa, na uende majini. Tembea taratibu mpaka mashine ipate joto, halafu ipe moto wote na usome mizunguko. Iwe ndani ya kiwango cha kitabu. Ikishindwa kufika, propela ni nzito mno kwa mashine kuizungusha, au mashine imechoka, na ikipita, propela ni nyepesi. Ukirudi, tazama ngama kabla ya kuitoa boti majini, ukague kila kibano na ungio ulilogusa, kisha safisha kwa maji baridi mashine ikizunguka kwa dakika 10 hadi 15, ili thermostati ifunguke na maji yafike kotekote. Baada ya saa chache za matumizi, legeza tena ile skrubu ya chini ya mguu asubuhi, kabla ya boti kutikiswa, utoe matone machache na uangalie rangi yake. Sili mpya ikiwa imekaa vibaya, hapo ndipo itakapokuambia, na bado itakuwa kazi ya sili tu.